Kamba za Qantab na Misumari ya Washairi

Miaka mingi iliyopita nilitunga tarbia juu ya mtepe uliozama. Ikachapishwa, ikasomwa barazani, na watu wenye kujua wakaisifu. Katika ubeti wa tano mawimbi yanaung'oa mtepe ule misumari, mmoja baada ya mwingine, hata mbao zake zikatawanyika juu ya maji. Hazikupita wiki nyingi nikaletewa barua ya msomaji mmoja, mzee mwenye asili ya Faza, isiyokuwa na maneno mengi. Aliandika kuwa shairi limemfikia, vina vyake ni kamili na mizani yake haina upungufu, ila mtepe hauna msumari wala haujapata kuwa nao. Akauliza: huo niliouzamisha mimi ni mtepe wa wapi?

Sikumjibu. Nilijitetea ndani ya nafsi yangu kwamba mshairi si seremala, na kwamba msumari ule ulikuwa ni istiara. Istiara ya nini, sikuweza kujieleza. Ukweli, ambao msomaji wa kurasa hizi ataung'amua bila ya kuambiwa, ni kuwa kina cha shairi kilikuwa ni -ri. Nilikwisha kuitumia bahari, safari, hatari na nahodha hodari. Misumari ilikuwa imekaa mlangoni ikingoja kuitwa.

Utetezi huo ulidumu mpaka mwaka 2009, nilipokwenda Maskati kuwazuru jamaa zangu, na mtoto wa dada yangu akanichukua siku moja hadi Qantab. Ni kijiji cha wavuvi kilichobanwa baina ya majabali makavu na bahari, si mbali na mji. Pale ufukweni, chini ya kivuli, palikuwa pakijengwa jahazi la urefu wa mita 18, na katika jahazi zima hapakuwa na msumari.

Nieleze kwanza jahazi lile lilikuwa ni nini, maana si chombo kilichobuniwa kwa ajili ya sherehe. Mwaka 1998 wavuvi wa kisiwa cha Belitung, Indonesia, waligundua mabaki ya chombo kilichozama katika karne ya 9. Ndani yake mlikuwa na vyombo vya udongo vya China vipatavyo elfu sitini, vingi vyao mabakuli yaliyofinyangwa Changsha, na bakuli moja likachorwa tarehe inayolingana na mwaka 826. Dunia iliyashangilia mabakuli. Lakini mzigo ule ulikuwa umekaa juu ya ajabu kubwa zaidi, nayo ni mbao za chombo chenyewe: zilikuwa zimeshonwa kwa kamba, kwa namna ya vyombo vya upande wetu huu wa magharibi ya Bahari ya Hindi. Serikali ya Omani ikaamua kukijenga upya chombo hicho na kukisafirisha mpaka Singapore kama zawadi. Kazi ikaanza mwaka 2008, chombo kikashushwa majini Oktoba 2009, na kikapewa jina la Jewel of Muscat, yaani Johari ya Maskati. Juu ya jina hilo nina neno, nitalisema.

Nilichokiona siku ile ni hiki. Jahazi la misumari hushikwa na mataruma yake: ubao hupigiliwa kwenye taruma, na taruma likioza ubao nao hulegea. Jahazi la kushonwa hushikana ubao kwa ubao. Fundi huutoboa ukingo wa ubao kwa keekee, tundu baada ya tundu, kisha huutoboa ubao mwenziwe matundu yanayokabiliana na yale ya kwanza. Mtu mmoja hukaa ndani ya jahazi na mmoja nje. Wa ndani huipenyeza kamba, wa nje huipokea, huizungusha kwenye kijiti na kuivuta kwa uzito wa mwili wake wote, kisha huirudisha. Baina ya kamba na ubao hulazwa mkunjo mrefu wa makumbi, ili mshono ukikazwa makumbi yabanwe na kuziba upenyo. Hapana anayesema. Husikika tu mlio wa kamba inapokaza, mlio mkavu, mfupi, na ukisikika tofauti wote wawili husita, huifungua kamba na kuanza tena. Mafundi wengine walikuwa Waomani, wengine Wahindi wenye mazoea ya kamba, na wote wawili waliokabiliana pale mbele yangu hawakuwa na lugha moja. Walielewana kwa ule mlio.

Mataruma huja baadaye, ngozi ya jahazi ikiwa imekwisha kusimama yenyewe. Jambo hili lilinikaa moyoni kuliko yote. Sisi tuliofunzwa tungo barazani, wengi wetu, hutanguliza mataruma: tunahesabu mizani, tunasimamisha vina viwili, cha kati na cha mwisho, kisha tunatafuta maneno ya kupigilia. Nimesoma mashairi mangapi, na nimetunga mangapi, ambayo neno halishikani na neno lililo ubavuni mwake, yote mawili yameshikwa na kina tu! Kina kikitikisika hapana kitu.

Kijana mmoja pale kazini alikuwa mjukuu wa watu wa Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha nyumbani, chenye ladha ya bibi aliyemlea. Aliponitambua kuwa natoka visiwani alifurahi, akanishika mkono akanipitisha ndani ya jahazi. Kisha akainama, akaugusa ule mkunjo wa makumbi uliolazwa chini ya mshono, akaniuliza:

"Ami, hiki kwenu mnakiitaje? Wahindi wana jina lake, na sisi hapa tuna letu. Bibi angekuwapo ningemuuliza yeye."

Nikasema ni kamba. Akatabasamu kwa adabu. Kamba ilikuwa ni ile nyingine, ile inayoshona. Hata mtoto angeliona hilo. Nikasema basi ni makumbi. Akasema, naam, ya makumbi ni yenyewe, lakini jina? Mimi niliyeuzamisha mtepe kwa beti kumi na mbili sikuwa na jina la kumpa. Akanihurumia, akageuza mazungumzo, akaniuliza habari za karafuu.

Nilirudi Qantab mwezi wa Septemba, nilipokuwa tena Maskati kwa harusi, na safari hiyo angalau pua yangu haikuniaibisha. Kabla ya kuvuka mchanga nilipata harufu ya mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa ili kuupaka mwili wa jahazi sehemu itakayozama. Hiyo ni deheni, nikasema, nikaona watu wawili watatu wanageuka. Deheni ilipakwa Nungwi na Matondoni, imepakwa Mombasa, na harufu yake haina mpaka.

Sasa nilihukumu jahazi lile kama inavyohukumiwa kazi ya sanaa, maana ndivyo lilivyo.

Kulijenga upya jahazi lililozama kunafanana na kuuhariri mswada ulioliwa na mchwa. Sisi wapenzi wa tungo tunaijua kazi hiyo. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa hazikutufikia mkononi mwake. Zilikusanywa na Mwalimu Sikujua, zikapita kwa W. E. Taylor, na William Hichens akazichapa mwaka 1940, karne nzima baada ya mwenyewe kufariki. Kila tunapomsoma Muyaka tunapanda chombo kilichojengwa upya. Lakini mhariri wa mswada ana rehema moja ambayo fundi wa jahazi hana: neno likiwa limeliwa, mhariri aweza kuacha pengo, akatia nukta tatu, msomaji akajua kuwa hapa palikuwa na kitu. Fundi akiacha pengo, jahazi linazama. Belitung ilihifadhi sehemu ya chini ya chombo. Milingoti na matanga hayakusalia. Kwa hiyo waliolijenga walilazimika kukisia, na kisio lao likabidi lizibwe, likazwe kamba na kupakwa deheni sawasawa na yale waliyoyajua kwa yakini. Mtazamaji akisimama mbele ya chombo kilichokamilika haoni mpaka baina ya ujuzi na makisio.

Basi nani atakayeuonyesha mpaka huo? Bahari. Jahazi liliondoka Maskati Februari 2010, likapita Cochin, likafika Galle nchini Sri Lanka, na huko milingoti ikaonekana imepasuka, ikabidi ikatwe miti mipya msituni na kusimamishwa upya. Wengine walilihesabu jambo hilo kuwa ni mkosi. Mimi naliona kuwa ni ukurasa ulio bora kuliko yote katika toleo lile: palepale palipokisiwa, bahari ilitia alama ya kuuliza. Mshono, ambao ulijengwa kwa ushahidi wa mabaki na kwa mikono yenye mazoea, ulishikilia. Tarehe 3 Julai 2010 jahazi liliingia Singapore. Miaka thelathini kabla yake Tim Severin alikuwa amelitoa jahazi jingine la kushonwa, Sohar, kutoka Omani mpaka China, nalo leo limesimama katikati ya mzunguko wa barabara mjini Maskati, magari yakilizunguka. Kwa hiyo Qantab haikuwa mwanzo. Lakini Sohar lilijengwa kuifuata hadithi ya Sindbadi. Hili lilifuata mbao.

Na mbao ndizo zinazonifanya nilizungumze jina lake. Zilipochunguzwa, mbao za Belitung zilionekana nyingi ni za Afzelia africana, mti wa bara la Afrika, na waliolijenga upya waliziagiza mbao zao kutoka Ghana. Mti huo ni ndugu wa damu wa mbambakofi wetu, ambao wengine huuita mkongo, na ambao kila aliyewahi kuishi baina ya Lamu na Kilwa ameugusa mlangoni au kwenye chombo. Kamba za nazi zilitoka India. Mzigo wa asili ulikuwa wa China. Chombo chenye mti wa Afrika, uzi wa India na shehena ya China kilikuwa mali ya bahari nzima, na wanavyuoni hawajakubaliana bado kilitoka bandari gani. Kukiita johari ya mji mmoja ni kukipigilia msumari. Najua zawadi ina mtoaji, na mtoaji hupenda jina lake lisomeke; sina ugomvi na ukarimu. Lakini jina la chombo ni kama jina la shairi, huwa la kwanza kusomwa na la mwisho kusahauliwa, na hili limefunga mlango ambao mbao zenyewe ziliufungua.

Jambo la pili nilaumulo ni la baada ya safari. Jahazi lilitiwa ndani ya jumba la makumbusho kisiwani Sentosa, na halikurudi baharini. Vyombo vya kushonwa havikujengwa kwa kudumu vikiwa vikavu. Ibn Jubayr, aliyevipanda katika Bahari ya Shamu karne ya 12, anaeleza jinsi vilivyonyweshwa mafuta, na bora ya mafuta hayo ni ya papa, ili mbao zilainike na zistahimili miamba iliyojaa bahari ile. Kamba hudai kunyweshwa, kukazwa, na baada ya muda kufunguliwa na kushonwa tena. Chombo kama hicho hudumu kwa sababu kimezungukwa na watu wanaojua kukishona. Kikitengwa na watu hao, hata kikilindwa kwa kioo na hewa baridi, kimebakiwa na umbo tu.

Hapo ndipo linapoingia suala letu wenyewe, maana sisi pia tulikuwa na jahazi chini ya paa. Mwaka 2003 ulijengwa mtepe upya kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib hapa Unguja, ukaitwa Shungwaya, na kwa miaka kadhaa kila aliyeingia ukumbini alikutana nao ana kwa ana. Waliojenga Shungwaya walikuwa na kazi ngumu ya namna nyingine. Hawakuwa na mabaki ya kuchimba. Walikuwa na picha, sampuli ndogo zilizohifadhiwa, maelezo ya watu kama James Hornell aliyeandika juu ya mitepe ya Lamu mwaka 1941, na michoro iliyokwaruzwa kwenye lipu za kuta kongwe za pwani. Mitepe yenyewe ilikwisha kutoweka baharini kabla ya nusu ya karne ya 20. Ilikuwa ikileta boriti kutoka Lamu hadi Unguja, na ubora wake ulikuwa katika kule kupinda: ikipanda mwamba au ikikaa mchangani maji yakipwa, mwili wake uliitika bila kuvunjika. Gharama yake ilikuwa ni kuchota maji mchana na usiku, na kushona upya. Jahazi la misumari lilibeba zaidi na kudai machache, nalo likashinda. Hapana haja ya kumtafuta adui. Ilikuwa ni hesabu ya tajiri wa boriti.

Niliwahi kumpeleka shangazi yangu wa Makunduchi kuutazama. Hakujali jina, wala omo lile refu lililoinuka kama shingo, wala macho yaliyochorwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kamba, akaifikicha baina ya vidole, kisha akalitazama tanga la mkeka kwa muda mrefu.

"Hiyo ni miyaa," akasema. "Mimi nikidhani mnanileta kutazama mambo ya wanaume."

Akanieleza, tukiwa tumesimama palepale, jinsi makumbi yanavyofukiwa kwenye tope la pwani chini ya mawe, miezi kadhaa, hata yakaoza vizuri, kisha yakatolewa, yakapondwa kwa magongo na kusokotwa. Kazi ambayo yeye na wenziwe wameifanya tangu usichana na ambayo wanawake wa kusini ya kisiwa wanaifanya hadi leo. Ukiyahesabu mambo, zaidi ya nusu ya mtepe ilitoka mikononi mwa wanawake: nyuzi zilizoushika na tanga lililouendesha. Sijasoma shairi hata moja la mtepe, langu likiwemo, ambalo lina mwanamke ndani yake isipokuwa yule anayengoja ufukweni akilia.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, iliporomoka ilipokuwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki. Shangazi yangu hakuifikia siku hiyo, alitangulia. Nilipozisikia habari zile, baada ya kuwaombea marehemu, nilifikiri juu ya vidole vyake vikiifikicha ile kamba.

Nirudi kwenye tungo. Chombo ndiyo istiara iliyotumika kuliko zote katika ushairi wa pwani. Ndoa ni chombo, dola ni chombo, mwili ni chombo, na dunia ni bahari iliyochafuka. Hakuna ubaya. Watu walioianza istiara hiyo walikuwa na chombo mlangoni mwao, na walipotaja joshi na demani, foromali na ngama, msikilizaji aliona kamba ipi imevutwa na upande gani wa tanga. Sisi tumerithi istiara bila ya chombo. Mashairi ya bahari ninayoyasoma siku hizi, na huletewa mengi niyatazame, yana nahodha asiyeshika kitu, tanga lisilo na kamba, na dhoruba isiyojulikana ni ya kusi au ya kaskazi. Mwenye kutunga hupanda chombo kwa vina vya -ri na kushuka kwa vina vya -ni. Ukimuuliza mkuku ni nini, hukuonyesha kamusi. Simcheki, mimi nimekwisha kuulizwa Qantab.

Wapo watakaosema kuwa ninadai washairi wawe mafundi. La. Nadai kidogo kuliko hivyo: kwamba mshairi akilishika neno la kazi, alishike kwa mkono ule ambao fundi analishikia. Fundi wa Qantab akisikia mlio si wenyewe, huifungua kamba. Mshairi akisikia kuwa neno si lenyewe, lakini lina kina, huliacha. Tofauti ni kwamba fundi atasafiri ndani ya kazi yake, au atasafiri mwanawe.

Baada ya Qantab nilikwenda Nungwi kulitafuta lile jina. Mzee mmoja wa kazi, tezo ikiwa pajani, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sisi ni watu wa misumari, bwana," akasema. "Wa kamba kawaulize makaburini, Faza."

Mwenye kuiandika barua ile pia alikuwa wa Faza. Niliitafuta nikaipata, nikaandika jibu baada ya miaka yote hiyo. Nikajibiwa na mwanawe kuwa baba yake amefariki, na kwamba yeye mwenyewe ni mwalimu wa hesabu, hajui lolote juu ya mitepe.

Nimejaribu kuurekebisha ubeti wa tano. Misumari ina mizani minne. Nikitia usumba, ni mitatu. Nikitia nyuzi za kumbi, ni mitano. Na vyovyote nifanyavyo, kina cha -ri kimekwenda. Nimeuandika upya ukiwa na pengo palepale, na nukta tatu.